Kona Niliyosema Iko Sawa

Nakiru mwanangu,

Umeenda Lopur kumuaga nyanya yako, na mama yako ametoka kuchukua suruali zako kwa Mama Furaha, yule fundi cherehani wa kambini. Nimebaki hapa na punda wawili wa watu wanaongojea niwatazame kwato. Ni saa nane mchana. Jua la Kakuma unalijua. Mpaka lipoe hakuna mtu atakayepiga hodi. Kesho alfajiri unapanda basi la Lodwar, halafu Kitale, halafu Nairobi, kwa hiyo nina saa hizi tu.

Sitaandika habari ya sanduku, wala chakula, wala simu ipigwe lini. Mama yako ameyasema hayo, na akirudi atayasema tena. Mimi nina jambo moja ambalo nimejaribu kukuambia mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza ulikuwa unafua, nikaishia kukuuliza kama sabuni inatosha. Mara ya pili nilikuwa nakusaidia kufunga begi, nikakaza kamba mpaka ikakatika, ukacheka. Mdomo umenishinda. Acha mkono ujaribu.

Tangu ukiwa mdogo umekuwa ukiniuliza kwa nini niliacha kupanda farasi wa mbio. Kwanza nilikuambia nilinenepa. Baadaye nikasema nilimkumbuka mama yako, na wakati huo mama yako nilikuwa sijamjua hata jina. Mwaka jana nikasema farasi ni mambo ya matajiri. Hakuna hata jibu moja kati ya hayo lililo kweli, na nadhani ulijua, kwa sababu uliacha kuuliza.

Nilizaliwa karibu na mto Turkwel, chini ya Lodwar. Kwetu tope lilikuwa habari njema. Nakumbuka siku moja mto ulikuja bila mvua. Anga ilikuwa nyeupe, mchanga unachoma nyayo, mara tukasikia ngurumo chini badala ya juu. Mama yangu alinishika mkono akanipandisha ukingoni mbio mbio, halafu maji yakaja yamebeba miti mizima. Nilimwuliza yametoka wapi na hapa hakuna wingu. Akasema, "Imenyesha kwa watu wengine. Sisi tumeletewa." Maji yalipopungua tulishuka kukanyaga tope, wazee kwa watoto, tunacheka tu. Nilikua nikiamini tope ni kitu cha kuchekea.

Nilifika Nairobi nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Mjomba wangu alikuwa mlinzi wa lango kwenye mazizi ya farasi wa mbio, akaniombea kazi ya usaisi: kulisha farasi, kuwasugua, kuwatembeza wakitoka mazoezini. Mwenye mazizi alikuwa Mzee Musembi, Mkamba mfupi asiyevua kofia. Aliniuliza kama ninajua farasi. Nikamwambia ninajua punda.

"Basi mateke unayajua," akasema. "Ingia."

Mwezi wa nne mvua ikaanza, na hapo ndipo nilipoona mbio za tope kwa mara ya kwanza. Nakuambia, nilikuwa nimesimama kwenye uzio, na mpaka leo nikifumba macho ninaziona. Siku za jua, kwato juu ya ule ukoka hulia kama miguu ya watu wanaocheza edonga, ngoma yetu ya kuruka. Siku ile mlio ulikuwa mwingine kabisa, kama ngozi inayochunwa kutoka kwenye nyama, mara nyingi kwa pamoja. Farasi walitokea konani wote wakiwa wa rangi moja. Mwekundu, mweusi, wa kijivu, wote wamekuwa tope. Mashati ya wapandaji hayakutambulikana. Hata mtangazaji akaanza kutaja majina kwa kubahatisha. Farasi waliosifiwa wiki nzima kwa mbio zao walikuwa wanakufa miguu mbele ya macho yetu. Halafu kwa nje kabisa, mbali na wenzake, akaja farasi mmoja mzee ambaye hakuna aliyemtaja, kwato zake pana kama sahani, anainua kila mguu juu kama mtu anayevuka mto. Akawapita wote. Nilibaki mdomo wazi mpaka mvua ikaniingia.

Siku ile niliona kwamba ardhi nayo inashindana. Siku za jua imelala, unaweza kuisahau. Ikinywa maji inaamka, inachagua nani apite.

Aliyenifunza kuijua alikuwa Odongo. Tulikaa chumba kimoja nyuma ya mazizi, yeye akiwa tayari joki, mpandaji wa mbio, wa mazizi ya jirani, mimi bado saisi. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na mikono mikubwa isiyolingana na mwili. Jioni tukipika alikuwa akinifundisha kwa chochote kilichokuwa mkononi.

"Kuna tope na tope, Ewoi," aliniambia siku moja akisonga ugali. "Ile ya maji maji usiogope. Mguu unaingia, unatoka. Ogopa ile imeanza kukauka." Akaukandamiza mwiko ndani ya sufuria, akauachilia, mwiko ukasimama wenyewe. "Unaona? Hiyo ndiyo inashika mguu. Hiyo ndiyo inang'oa kiatu."

Mengine utayafunzwa na wanaojua kuliko mimi, lakini yale machache aliyonipa Odongo sijawahi kuona yakikosea. Kwamba kwenye tope hashindi mwenye mbio, hushinda aliyebaki na pumzi. Kwamba ukiwa mbele unaona njia, ukiwa nyuma unakula kila kitu ambacho wenzako wamekitupa. Kwamba ule upande wa ndani, karibu na reli ya uzio, ndiyo njia fupi, na kwa sababu kila mtu anaipenda ndiyo inayochimbuka kwanza; wakati mwingine unazunguka mbali ili ufike mapema. Kwamba farasi akiteleza usimvute mdomo. Mpe shingo yake, anaihitaji kujishika, kama wewe unavyohitaji mikono. Alinifundisha hata kuvaa miwani tatu moja juu ya nyingine, ili ya kwanza ikijaa tope unaishusha shingoni na ya pili inakuwa safi.

Na palikuwa na Pima. Hilo si jina lake la vitabuni. La vitabuni lilikuwa la Kizungu na refu. Masaisi tulimwita Pima kwa sababu hakukanyaga mahali asipopajua mpaka ainamishe pua apapime. Hata dimbwi dogo nje ya zizi, alisimama, akanusa, akaamua. Wapandaji wengi walimchukia kwa hilo. Alikuwa farasi jike wa kijivu, mdogo, masikio hayakulingana. Lakini kwenye tope, Nakiru! Sijui nikuelezeje. Ulikuwa unakaa juu yake na unahisi kitu kinachofikiri chini yako. Alikuwa anaona kwa miguu. Miaka miwili nilimtembeza, nikaanza kumpanda mazoezini, na Mzee Musembi alipoona tunaelewana akanitafutia leseni, nikawa joki. Mturkana wa mbuzi na punda, niko juu ya mgongo ule. Asubuhi nyingine nilikuwa nikishuka namwinamishia kichwa, si kwa hofu. Kwa heshima.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Ilikuwa msimu wa mvua ndefu, na nilikuwa nimepewa mbio kubwa ya kwanza maishani mwangu. Mzee Musembi alisema nikifanya vizuri, Pima ni wangu msimu mzima. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Asubuhi wakaguzi wa uwanja walipita, wakasema ardhi ni nzito lakini inafaa. Baada yao ikanyesha tena, fupi, ya nguvu. Mzee Musembi akanipa fimbo ya kupimia.

"Zunguka wote," akasema. "Ukiona kitu, rudi uniambie, tuwaambie wakaguzi."

Nilizunguka. Unachoma fimbo, unasikiliza mkono. Kila mahali iliingia kiasi, kama nilivyotarajia. Nilipofika kona ya mwisho, karibu na reli, paliota ukoka wa kijani mzuri kuliko pote. Nikachoma. Fimbo ikaenda chini mpaka ngumi yangu ikagusa nyasi. Nadhani mfereji wa chini ulikuwa umepasuka pale. Sijawahi kujua hasa. Juu palionekana kama zulia. Nikachoma hatua moja mbele, vilevile. Tatu, vilevile. Kisha pakawa imara.

Nilisimama pale. Kitu nilichopaswa kufanya kilikuwa chepesi: kurudi na kusema. Wangesogeza reli, au wangeahirisha. Na nikaanza kuhesabu mambo mengine kichwani. Wakiahirisha, Pima atapandwa na nani wiki ijayo? Wakisogeza reli, kila mtu atajua ardhi ilivyo. Wasipojua, mimi peke yangu nitapita nje na wao watazama kidogo, watapunguza mwendo, mimi nitapita. Nilijiambia hivyo: watapunguza mwendo. Nilijua farasi anayekwenda shoti akizama mguu mmoja hapunguzi mwendo. Nilijua, nikajiambia vile.

Nilirudi nikamwambia Mzee Musembi uwanja ni mzito lakini uko sawa.

Kwenye chumba cha kuvalia, Odongo alikuwa anafunga kamba za buti. Aliona nina miwani mbili tu. Akafungua begi lake, akanirushia ya tatu.

"Leo utaihitaji," akasema. Halafu, bila kuinua kichwa, "Wewe ndiye ulizunguka. Kona ya mwisho iko aje?"

"Iko sawa," nikasema.

"Hata ndani?"

"Hata ndani."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufunga kamba. Hakuniuliza mara mbili. Kwa nini aniulize? Nilikuwa rafiki yake.

Tulikuwa wanane. Pima alitoka polepole, na tope likaanza kuja usoni kwa vitonge. Nikashusha miwani ya kwanza, nikashusha ya pili. Kwa ile ya Odongo nikaona kona inakuja na farasi watatu wa mbele wamefunguka kidogo kwenda nje. Ndani, kwenye reli, pakabaki wazi kama mlango.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Mimi nilijua kilichokuwa pale. Mkono wangu ulikuwa umegusa nyasi pale asubuhi ile ile. Lakini mwili uliona njia fupi ukasahau kila kitu. Nikavuta hatamu kwenda ndani. Pima akakataa. Kwa kasi ile, na mvua ile, aliinamisha pua vile alivyokuwa akiinamisha kwenye dimbwi la nje ya zizi, akasoma alichosoma, akanibeba kwenda nje kwa nguvu zake mwenyewe. Sikumwongoza. Nilishikilia shingo yake tu. Nimeona mambo mengi makubwa, nimeona mto ukija bila wingu, lakini sijaona kitu kama kile: mnyama kumwokoa mtu na uongo wake mwenyewe.

Nafasi niliyoiacha, Odongo akaiingia. Nilimsikia kabla sijamwona. Aliita "Ndani!" vile tunavyoitana ili mwenzako asikufungie njia. Alikuwa sambamba nami, mgongo umelala, anaenda vizuri. Kulikuwa na muda wa neno moja. Sikulisema.

Nilisikia kishindo, nikasikia watu wa kwenye uzio wakilia kwa pamoja. Pima hakugeuka. Akaenda mpaka mwisho, tukashinda.

Kabla hatujafika mwisho nilikuwa nimegeuza kichwa mara moja, nikaona jambo ambalo mpaka leo ninaliona. Kwa kawaida farasi akianguka huinuka akakimbia hovyo, hatamu zinaburuta. Farasi wa Odongo, dume la kahawia, aliinuka, akatetemeka, akasimama palepale kati ya Odongo na wale waliokuwa wakija. Hakusogea. Wakagawanyika pande mbili zake kama maji kwenye jiwe. Alisimama mpaka watu wa machela walipofika, kichwa chini, anampulizia Odongo pumzi shingoni.

Odongo alivunjika paja na nyonga.

Mimi nilipigwa picha. Uso wangu wote ulikuwa tope, na nililishukuru, kwa sababu hakuna aliyeuona. Mzee Musembi alinipiga begani akasema, "Leo umepanda kama mtu mzima."

Kwa wiki tano sikwenda hospitali. Nililala chumbani na kitanda chake kitupu. Mwishowe nilikwenda, kwa sababu Pima alianza kunishtukia. Nikimkaribia anarudi nyuma. Labda ni mimi niliyekuwa nimebadilika mikono.

Odongo alikuwa amelala mguu umening'inizwa, amekonda. Alifurahi kuniona. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alianza kuniuliza habari za farasi, nikamkatiza.

"Odongo, asubuhi ile niliona ile kona."

"Uliona nini?"

"Ilikuwa mbovu. Ndani. Nikakuambia iko sawa."

Alitazama mguu wake ulioning'inizwa. Nesi alipita na kitoroli, akaenda, akarudi, na yeye bado anautazama. Kisha akauliza, "Fimbo iliingia mpaka wapi?"

"Mpaka ngumi."

Akafunika macho kwa ule mkono wake mkubwa. Nilidhani atanitukana. Akasema, "Wiki tano, Ewoi. Wiki tano nimelala hapa nikipanda ile mbio. Kila siku. Natafuta pale nilimvuta vibaya. Nilikuwa nishasema nimemwangusha farasi wa watu kwa ujinga wangu. Nilikuwa nishasema sitapanda tena, hata nikipona, kwa sababu sijui kazi."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilidhani nimemvunja mfupa. Sikujua kwamba kila siku niliyonyamaza nilikuwa namwacha avunjike mwenyewe mahali pengine.

Nilianza kuomba msamaha. Akainua kidole.

"Hapana. Nenda," akasema. "Na usije tena mpaka nikuite."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Musembi, nikamwambia. Alinisikiliza, akavua kofia. Sijawahi kumwona kichwa wazi kabla ya hapo wala baada. "Nenda kwa wakaguzi ukawaambie kwa mdomo wako," akasema. Nilikwenda. Walininyang'anya leseni kwa msimu mmoja, na Pima akapewa mwingine.

Adhabu iliisha. Ningeweza kurudi, na nilirudi. Lakini asubuhi za mvua, nikitoka kuzunguka uwanja na kusema ardhi ikoje, nilikuwa nawaona majoki mmoja mmoja wanachukua fimbo na kwenda kuzunguka wenyewe. Hakuna aliyenitupia neno baya. Walikwenda tu. Nilivumilia mwezi mmoja, kisha nikapanda basi la Kitale, nikarudi kwetu. Hilo ndilo jibu la swali lako, mwanangu.

Kakuma nilikuja kwa sababu ya punda wa mikokoteni ya maji, na kwa sababu hapa hakuna aliyenijua. Umeniona nikifanya kazi hii maisha yako yote. Umeniona nikigombana na watu nikiwaambia ukwato huu umeoza, mpumzishe, na mtu anataka nimwambie uko sawa apate kwenda. Siku ile yule mzee wa Sudan Kusini aliponililia kwa ajili ya punda wake, uliniambia nyumbani, "Baba, ungemwambia kwa upole." Ulikuwa sahihi. Ukweli nilijifunza nikiwa nimechelewa, basi huwa nautupa kama jiwe. Wewe usiwe hivyo.

Nina kosa lingine, na hili ni lako. Uliposhinda mbio za punda Lodwar, ukateremka una vumbi mpaka kwenye kope, ukasema unataka farasi, nilikuambia una mifupa mizito. Ulikuwa mwepesi kama kuni kavu. Ukaniambia umeona mazizi yanayotafuta wanagenzi, nikasema huko hawapendi wasichana. Sikujua kama wanapenda au hawapendi. Nilijua tu kwamba mwalimu wa wanagenzi pale ni mtu mmoja anayechechemea, aliyefundisha nusu ya majoki wanaopanda leo, na jina lake ni Odongo.

Ndiyo. Ni yeye. Yule Mwalimu uliyerudi kutoka majaribio ukimsifu, uliyeniigia anavyotembea na anavyosema "mpe shingo, mpe shingo", mpaka mama yako akacheka na mimi nikatoka nje.

Ulipokwenda kule kwa majaribio ya wiki mbili sikulala vizuri hata siku moja. Niliogopa atalisikia jina langu kwenye jina lako. Alilisikia siku ya kwanza. Wewe hukujua, lakini siku moja kabla hujarudi alinipigia simu. Nilikuwa hapa hapa, nimeshika mguu wa punda.

"Ewoi."

"Nani mwenzangu?"

"Odongo."

Nikaachilia mguu wa punda. Miaka zaidi ya ishirini, na sauti yake ni ile ile.

"Nilikuambia usije mpaka nikuite," akasema. "Sasa nakuita."

Kisha akanieleza kilichotokea, na wewe hukuwahi kutueleza, nadhani kwa sababu uliona si kitu. Ilikuwa siku yenu ya kupanda mbele ya wakufunzi, ile ya kuchagua nani abaki. Ilikuwa imenyesha. Aliwapa fimbo wanagenzi wote sita, mmoja mmoja, akawatuma kwenye njia ya mazoezi. Palikuwa na mahali pabovu, na yeye alikuwa anapajua. Watano walirudi wakasema ni nzito lakini iko sawa. Wengine hawakupaona. Wengine, alisema, waliona. Macho yao aliyajua.

"Binti yako akarudi ametapakaa mpaka kiunoni," akasema. "Akaniambia, 'Mwalimu, pale kwa mti hapafai, leo tusipande.' Nikamwambia, unajua msipopanda leo nitawarudisha nyumbani wote? Akafikiria kidogo. Akasema, 'Basi turudishe, Mwalimu. Lakini pale hapafai.'"

Nakiru, mimi nilikaa chini mchangani. Punda akaenda zake na kwato nusu.

Sijui ulilitoa wapi. Si kwangu, mimi nilipokuwa mahali hapo hapo, na fimbo hiyo hiyo mkononi, nilisema lingine. Nimekutazama wiki hizi ukipika, ukifua, ukibishana na wadogo zako, nikiona mtu ambaye sikumtengeneza mimi, nikabaki mdomo wazi kama siku ile ya kwanza kwenye uzio. Mama Furaha alisema jana alipokuwa anakupima, "Mtoto atakimbiza farasi mu matope? Na siye matope tuliyakimbia kwetu!" Wote mkacheka. Mimi nilikuwa nakutazama tu.

Odongo hakuniambia amenisamehe, na sikumwuliza. Aliniambia nije siku utakayopanda mbio yako ya kwanza. Nikamwambia naogopa. Akasema, "Hata mimi." Nitakuja.

Aliniuliza pia kama unajua. Nikasema bado. Akasema, "Mimi sitamwambia. Hiyo ni yako." Kwa hiyo sikuandiki ili unionee huruma. Nakuandikia kwa sababu utakaa chini ya mtu yule kila siku, utamwona akipanda ngazi mguu mmoja mmoja, na si haki umtazame bila kujua. Ukinikasirikia, nikasirikie. Una barabara ndefu ya kufanyia hivyo, na nitaipokea hasira yako kama nitakavyoipokea simu yako.

Nasikia mama yako anasalimiana na mtu njiani, "Ejok, ejok," kwa hiyo nafunga. Karatasi hii nitaiweka mkononi mwako mimi mwenyewe, si ndani ya begi.

Ukifika, msalimie Mwalimu. Atakutazama, atakuwa anatafuta kitu usoni mwako. Usimwache atafute. Mwambie, "Baba ameniambia."

Ni mimi babako anayekustaajabia,
Ewoi